Mwenzangu amehama, mkopo wa nyumba una majina yetu wawili. Nifanyeje?

SWALI

Habari za kazi, wakili. Naishi Goba, Dar es Salaam. Nimekaa na mwenzangu miaka saba. Alileta posa kwetu na kutoa nusu ya mahari, lakini ndoa hatukufunga. Tuna mtoto wa miaka mitano. Kiwanja alikinunua yeye kabla hatujaanza kuishi pamoja. Baadaye tukakopa benki milioni 90 kwa majina yetu wote wawili, tukajenga, na hati ikatoka na majina mawili. Mkopo ni wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15, rejesho ni kama 1,260,000 kwa mwezi, na umeshalipwa miaka mitano. Miezi minane iliyopita alihama, sasa anaishi na mwanamke mwingine. Tangu hapo nalipa peke yangu kwa kuweka hela kwenye akaunti yake, ambako benki hukata. Mshahara wangu mkononi ni 2,300,000. Mwezi uliopita nilichelewa na benki imeniletea barua. Yeye anasema kiwanja ni chake, tuuze. Au aniachie nyumba nisimdai matunzo ya mtoto. Je, ninavyolipa peke yangu nyumba inakuwa yangu? Niache kulipa ili naye abanwe? Anaweza kuuza bila mimi? Na bila cheti cha ndoa nina haki gani?

JIBU

Dada yangu, pole sana. Naanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo la haraka: usiache kulipa kwa lengo la kumbana mwenzako. Yeye keshahama, mlioko ndani ni wewe na mtoto. Siku benki ikiamua kuuza, dalali atabandika tangazo kwenye geti lako, na hasara ya bei mbaya itawapata wote wawili.

Jambo la msingi ambalo nataka ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba una mambo mawili mkononi, na kila moja lina njia yake. Nyumba ni jambo kati yako na mwenzako. Deni ni jambo kati yenu wawili na benki. Mlipokopa kwa pamoja, karibu kila mkataba wa namna hiyo huandikwa kwamba kila mkopaji anawajibika kwa deni lote. Hakuna nusu yako na nusu yake mbele ya benki. Kikao cha familia kinaweza kukubaliana kwamba nyumba ni yako na deni ni lako. Mahakama inaweza hata kutoa hukumu ya mgawanyo. Lakini benki haikukaa kwenye kikao hicho, na mkataba wake haubadiliki mpaka yenyewe ikubali kwa maandishi. Nimeona watu waliogawana mali vizuri kabisa, kila mtu akaenda zake, kisha miaka mitatu baadaye mmoja anaomba mkopo wa gari na kukuta jina lake limechafuka kwa sababu ya nyumba aliyodhani aliiacha.

Hapo ndipo ilipo nguvu yako ya mazungumzo. Mwenzako anadhani kwa kuhama ameligeuzia deni kisogo. Hajaliacha. Taarifa za mkopo huu ziko kwenye kumbukumbu za taasisi za taarifa za wakopaji kwa jina lake kama zilivyo kwa jina lako, na kila rejesho linalochelewa linamhesabia na yeye. Akitaka kujenga upya na huyo mwenzi wake mpya, benki itaona anadaiwa mamilioni Goba. Mweleze hivyo kwa utulivu, bila matusi, ikiwezekana kwa ujumbe wa maandishi. Ana sababu zake mwenyewe za kutaka jambo hili limalizwe vizuri.

Sasa hiyo barua. Kuna barua ya kukumbusha, ambayo afisa mikopo hutuma mteja akichelewa, na kuna notisi rasmi ya kushindwa kulipa chini ya Sheria ya Ardhi. Notisi rasmi hutaja kosa ni lipi na kiasi gani kimechelewa, hukutaka urekebishe, na hukupa siku 60 kabla benki haijaanza kutumia haki zake juu ya rehani, ikiwemo kuuza. Kwa kuchelewa mwezi mmoja, yaelekea uliyonayo ni ya kwanza. Isome tena uone kama inataja siku 60. Vyovyote iwavyo, ijibu kwa maandishi, na baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Waeleze kwamba mkopaji mwenzako amehama, kwamba wewe ndiye unayelipa, kwamba unataka kila notisi ikufikie wewe mwenyewe kwa anuani na simu yako, na kwamba unaomba taarifa kamili ya mkopo pamoja na salio la leo. Una haki ya taarifa hizo kwa sababu wewe ni mkopaji, wala huhitaji ruhusa ya mwenzako.

Ukiona miezi ijayo itakushinda, omba mkopo upangwe upya mapema. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unaingia kwenye mikopo chechefu, na faili lako linatoka kwa afisa aliyekuzoea kwenda kwa watu ambao kazi yao ni kukusanya madeni. Mazungumzo ya kabla ya hapo huwa mepesi zaidi.

Jambo jingine la kurekebisha mwezi huu huu: acha kupitishia hela kwenye akaunti yake. Taarifa ya benki itakayoletwa mahakamani itaonyesha kwamba rejesho lilikatwa kwenye akaunti ya mwanamume huyu kila mwezi, na itakubidi wewe uthibitishe kwamba hela ilikuwa yako. Waombe benki wakupe namba ya akaunti ya mkopo, au wahamishie makato kwenye akaunti yako ya mshahara. Kwa ile miezi minane, kusanya risiti zote za kuweka fedha na ujumbe wa miamala ya simu, uzichapishe na kuzihifadhi mahali pawili. Ujumbe wa simu hupotea simu ikiibiwa.

Je, unavyolipa peke yako nyumba inakuwa yako? Hapana, haiwi yako yenyewe kwa kulipa tu. Hati ina majina mawili na itabaki hivyo mpaka mmoja ahamishe sehemu yake au mahakama iamue. Unachojenga kwa kulipa ni dai dhidi yake. Na hapa nataka uone hesabu, kwa sababu wengi hushtuka wakiiona.

Mkopo wa milioni 90 kwa asilimia 15 kwa miaka 15 unalipwa kama 1,260,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitano zimeshatoka zaidi ya milioni 75. Unadhani deni limebaki kiasi gani? Kama riba inahesabiwa kwa salio linalopungua, limebaki karibu milioni 78. Sehemu kubwa ya rejesho katika miaka ya mwanzo ni riba. Kwa hiyo katika hii miezi minane umelipa kama milioni 10, lakini deni lenyewe limepungua kwa milioni mbili na kidogo tu.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu ukikaa naye mezani utasema, "Nimelipa milioni kumi peke yangu, nirudishie tano." Ni dai la haki, liweke. Lakini jiandae kwa jibu la wakili wake: kwamba ulikuwa unakaa kwenye nyumba ambayo nusu ni yake bila kumlipa kodi ya pango. Tuseme nyumba kama hiyo hupangishwa 500,000 kwa mwezi. Nusu yake kwa miezi minane ni milioni mbili. Kwenye maelewano, dai lako linaweza kushuka kutoka tano hadi tatu. Mimi ningelianza na tano, na kumkumbusha kwamba mtoto wake naye amekuwa akilala humo.

Tuje kwenye cheti. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina kifungu cha 160 ambacho kimewasaidia wengi walio katika hali yako. Mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyofanya watu wawatambue kama mume na mke, sheria inachukulia kwamba ni wanandoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Wewe una miaka saba, posa, mahari iliyoanza kutolewa, mtoto, na bila shaka majirani na ndugu waliowaita baba na mama fulani. Huo ni ushahidi mzito. Kinachoweza kuivunja dhana ni kama mmoja wenu hakuwa huru kuoa au kuolewa, kwa mfano kama yeye ana ndoa ya kanisani na mwanamke mwingine ambayo haijavunjwa. Kama kuna jambo la namna hiyo, mwambie wakili wako siku ya kwanza kabisa, hata kama linaumiza kulisema.

Mahakama ikitamka kwamba palikuwa na dhana ya ndoa, huwa inaendelea kugawa mali kwa misingi ya kifungu cha 114 cha sheria hiyo hiyo. Kifungu hicho kinaitaka iangalie mchango wa kila mmoja katika kuipata mali, uwe wa fedha, mali au kazi. Madeni ambayo mmoja alikopa kwa faida ya wote. Na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo, ielemee kwenye usawa. Angalia neno madeni hapo. Mahakama haigawi tofali tu. Inatakiwa kuliangalia na deni lililojenga nyumba hiyo.

Kazi ya nyumbani nayo ni mchango. Mahakama ya Rufani iliamua hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na tangu hapo hakuna wakili makini anayekuja kubisha kwamba kupika, kulea na kusimamia mafundi ni bure. Ila nikukumbushe kwamba rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufanikiwa. Kanuni ilishinda, ushahidi wa kesi yake ukamwangusha. Mahakama za siku hizi zinazidi kudai uthibitisho: nani alilipa nini, lini, na karatasi iko wapi. Tafuta risiti za saruji na nondo, mikataba ya mafundi, picha za ujenzi zenye tarehe, ujumbe mliotumiana mkipanga gharama. Watu hudhani kesi za ndoa zinashinda kwa machozi. Zinashinda kwa karatasi.

Anaposema kiwanja ni chake, ana hoja lakini si nzito kama anavyodhani. Ni kweli alikinunua kabla yako, na hilo ni mchango wake, mahakama itauhesabu. Lakini mambo mawili yamebadilika tangu hapo. Kwanza, yeye mwenyewe alikubali hati itoke kwa majina mawili, na Sheria ya Ndoa inasema mali iliyo kwa majina ya wanandoa wote wawili inachukuliwa kuwa sehemu zao ni sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Pili, hata mali ya mtu ya kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa kwa juhudi za mwenzake au za wote wawili. Kiwanja kitupu cha Goba na nyumba iliyosimama juu yake ni vitu viwili tofauti kabisa kwa thamani. Ukiniuliza makadirio yangu, ningekuambia ujiandae kwa nusu kwa nusu, au yeye kuongezewa kidogo kwa ajili ya kiwanja. Simwoni akiondoka na yote.

Na hata ikitokea mahakama ikatae dhana ya ndoa, hubaki mikono mitupu. Jina lako liko kwenye hati. Wewe ni mmiliki mwenza kwa Sheria ya Ardhi, na mmiliki mwenza anaweza kuomba mali igawanywe au iuzwe mgawane fedha. Njia itakuwa ya mgogoro wa ardhi badala ya ya ndoa: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au Mahakama Kuu, kutegemea thamani.

Kuuza bila wewe hawezi kihalali. Uhamisho unahitaji sahihi za wote mlio kwenye hati, na Sheria ya Ndoa inazuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Isitoshe, hati halisi iko benki, na rehani imeandikwa kwa Msajili wa Hati. Bado nakushauri ufanye upekuzi kwa Msajili ili uone kumbukumbu zikoje leo, na wakili wako aweke zuio kulinda maslahi yako. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni yeye kupokea "kishika uchumba", yaani malipo ya awali, kutoka kwa mnunuzi asiyejua, kisha ukajikuta unagombana na mtu wa tatu mwenye risiti. Zuio linamwambia kila anayepekua kwamba kuna mgogoro.

Ukienda kwa Msajili, angalia na jambo hili ambalo watu hulisahau kabisa: hati yenu inasema mnamiliki kwa namna gani? Kuna umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambapo mmoja akifariki aliyebaki anachukua nyumba nzima. Na kuna umiliki wa mafungu, ambapo fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi yake. Wakati mlipopendana ule wa kwanza ulikuwa ulinzi. Sasa mmeachana, ukifariki kesho nyumba yote inaweza kwenda kwake, mama yako na mtoto wakibaki kuhangaika; akifariki yeye, ndugu zake watakuja na maneno. Mjadala wa kugeuza umiliki uwe wa mafungu uanze sasa. Na uliza benki kuhusu bima ya mkopo: inawahusu wote wawili au yeye peke yake, na inalipa deni lote au sehemu yake?

Haya, mfanye nini na nyumba? Hatua ya kwanza ni kujua thamani yake kutoka kwa mthamini aliyesajiliwa, mmoja ambaye wote mmemkubali na mnamlipa nusu kwa nusu. Thamani ya maneno ya madalali wa mtaani italeta ugomvi. Ripoti zinazoandaliwa kwa ajili ya benki kwa kawaida huwa na bei mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka. Tuchukulie mfano tu: soko milioni 160, haraka milioni 120. Ukitoa deni la 78, kwenye soko zinabaki 82, yaani 41 kwa kila mmoja kabla ya gharama. Kwa bei ya haraka zinabaki 42, yaani 21. Sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayopatikana, na akiuza chini ya bei ya wastani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi inachukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo. Lakini kufungua kesi baada ya mnada ni safari ndefu. Milioni 20 kila mmoja, ndiyo bei ya kushindwa kuelewana.

Njia ya wewe kubaki na nyumba ndiyo najua moyo wako unaitaka. Ili ibaki yako kweli, mambo matatu yakamilike: umlipe sehemu yake, benki ikubali kumwondoa kwenye mkopo na kukubakiza peke yako kwa mkataba mpya, na uhamisho wa sehemu yake usajiliwe kwenye hati. Likikosekana moja, hujamaliza. Kwa mfano wetu, umlipe kama milioni 36 baada ya kukata dai lako la rejesho. Ukiongeza kwenye deni la 78 unakuwa na mkopo wa milioni 114. Kwa miaka kumi, rejesho ni karibu 1,840,000, na hakuna benki itakayokubali kwa mshahara wako, maana inatakiwa walau theluthi moja ya mshahara ibaki. Kwa miaka 20 linashuka hadi 1,500,000, linapita kwa taabu, nawe unabaki na laki nane za chakula, ada, nauli na dharura, na utakuwa umelipa jumla milioni 360. Dada yangu, sikushauri hilo. Nyumba itakula maisha yako yote.

Kama unataka kubaki, jaribu sura nyingine: benki ibadilishe mkopo uliopo wa 78 uwe wako peke yako na kuurefusha hadi miaka 15, rejesho lishuke kufika kama 1,090,000, naye umlipe sehemu yake kwa awamu ndefu, au akubali kusubiri fungu lake mpaka nyumba itakapouzwa au mtoto atakapomaliza shule, kwa maandishi yanayotaja fungu hilo ni kiasi gani au asilimia ngapi. Kwa nini akubali? Kwa sababu anatoka kwenye deni leo. Kama kuna chumba au nyumba ndogo ya uani unayoweza kupangisha, hesabu hiyo inaanza kusimama.

Jipe miezi sita kulijaribu hilo. Benki ikikataa kukuweka peke yako, uzeni kwa hiari, mapema, kwa bei ya soko. Utaratibu wake si mgumu: mnaomba benki barua ya salio la kumaliza deni, mnunuzi au benki yake inalipa salio hilo moja kwa moja, benki inaondoa rehani na kuachia hati, kinachobaki kinagawanywa kupitia akaunti ya wakili kama mlivyokubaliana. Angalieni kama mkataba una tozo ya kumaliza mkopo kabla ya muda. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, ila nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa faida ikiwa haizidi milioni 15. Risiti za ujenzi ndizo zinazoishusha faida hiyo, sababu nyingine ya kuzitafuta. Kama badala ya kuuza atakuhamishia wewe sehemu yake, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina nafuu kwa uhamisho kati ya waliokuwa wenzi wa ndoa unaotokana na talaka au makubaliano ya kutengana. Nafuu hiyo inawazungumzia wenzi wa ndoa, kwa hiyo tamko la mahakama kuhusu uhusiano wenu lina thamani hata kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Waulizeni kabla ya kusaini, si baada.

Kwa mfano wetu, ukitoa gharama za kuuza, milioni 37 au 38 mkononi bila deni zinaweza kukununulia kiwanja mbali kidogo na kusimamisha vyumba viwili. Najua si Goba. Lakini ni zako, na mshahara wako unarudi kuwa wako.

Lile pendekezo lake la kukuachia nyumba usimdai matunzo, likatae. Matunzo ni haki ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na haki ya mtoto haiuzwi na mama yake. Isitoshe angekuachia nini? Nusu ya nyumba iliyoshikwa na benki, huku jina lake likibaki kwenye hati kama halijahamishwa. Mtoto ana miaka mitano. Kuna ada, matibabu na chakula cha miaka 13 mbele. Dai la matunzo lifungue kivyake, Ustawi wa Jamii au mahakama ya watoto, wala usilifunge kamba na mazungumzo ya nyumba.

Kuhusu mwenzako kuhamia hapo na mwanamke wake, ambalo hujaliuliza lakini huwa linafuata: usibadilishe kitasa kwa ubabe, maana naye ni mmiliki. Omba mahakama itoe amri ya nani akae wakati shauri linaendelea. Mahali mtoto anapoishi panaangaliwa sana. Akija kwa vurugu au vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Pa kuanzia ni baraza la usuluhishi wa ndoa. Lipo kwenye kata, Ustawi wa Jamii, BAKWATA na makanisani. Hata mkishindwana, baraza linatoa cheti cha kushindwa kusuluhisha, ambacho mahakama huhitaji kabla ya kupokea shauri la kuvunja ndoa, na nisingependa shauri lako likwame kwa kukikosa, hata kama lako ni la dhana ya ndoa. Mkielewana huko, msiishie kwenye karatasi iliyosainiwa na wazee. Pelekeni makubaliano kwa wakili, yaandikwe nani analipa rejesho kila mwezi na tarehe gani, nani analipa bima na kodi ya ardhi, nini kitatokea asipolipa, thamani ilipimwa lini, na nyumba itauzwa lini kama benki itakataa. Kisha yasajiliwe mahakamani yawe hukumu. Makubaliano yaliyokuwa hukumu yanakazwa. Ya mezani yanabishaniwa upya.

Kama gharama ya wakili inakuzidi, Chama cha Wanawake Wanasheria Tanzania, TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, wana wanasheria wa kuwasaidia akina mama Dar es Salaam, na wamezoea mashauri ya aina hii. Nenda na nakala ya hati, mkataba wa mkopo, ile barua ya benki na risiti za miezi minane. Ila barua ya kuijibu benki usisubiri miadi ya wakili, iandike wiki hii.